Nani Aliyeichoma Masasi: Dini au Mtu?

Mwaka 2026 inatimia miaka 150 tangu Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aondoke Lindi na watumwa waliokombolewa, akawapa makazi Masasi. Kumbukumbu hii inatukuta sisi wa kusini na swali zito. Mocímboa da Praia, mji wa jirani zetu wa Msumbiji, ilishambuliwa Oktoba 2017 na wapiganaji waliodai kupigania dini. Oktoba 2020 ikafuata Kitaya, upande wetu wa mto Ruvuma. Kitaya iko Mtwara kwetu, na watu wanaulizana: anayechinja kwa jina la Mungu ametumwa na dini, au ni ubaya wa mtu uliojivika kanzu?

Historia ya hapa haimpi ushindi wa haraka yeyote. Biashara ya watumwa ilikuwa na Waislamu walioswali na Wareno waliobatizwa. Sultani Barghash wa Zanzibar aliipiga marufuku baharini tarehe 5 Juni 1873 kwa shinikizo la Uingereza. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi na kuteka watu.

Lakini somo kubwa ni la 1905, vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani. Wanahistoria G.C.K. Gwassa na John Iliffe, waliokusanya kumbukumbu za wazee kuhusu vita hivyo, wanatuonyesha kwamba chanzo kilikuwa pamba ya lazima, kodi na viboko. Julai 1905 wazee wa Nandete waliing'oa pamba ya serikali. Imani ndiyo iliyowaunganisha: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya kuzuia risasi, na makabila yaliyokuwa hayaelewani yakawa kitu kimoja. Kinjikitile akanyongwa mwanzoni mwa Agosti, ila vita vikasonga mbele bila yeye.

Tarehe 14 Agosti Askofu Mbenediktini Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa na wapiganaji wa Maji Maji katika eneo la Liwale. Mwezi huohuo misheni ya Masasi, kimbilio la waliokuwa watumwa, ikateketezwa. Waliochoma waliamini wanatetea nchi yao. Kisha wakajibu Wajerumani, watoto wa taifa la Kikristo, wakachoma mashamba na maghala ili njaa imalize kazi ya bunduki. Serikali yao ilitaja vifo 75,000. Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000.

Imani iliyounganisha wanyonge haikuzuia wasio na silaha kuuawa. Injili iliyowafungulia watumwa minyororo haikuizuia serikali iliyoiungama kuwanyima watu chakula. Kwa maoni yangu, dini ni kama panga la shamba: hufyeka magugu, na hukata mtu. Anayelishika ndiye mwenye hesabu ya kujibu, na dhuluma ndiyo inayolinoa.

Watoto wetu wanafundishwa Maji Maji kama tarehe ya mtihani. Mashehe, mapadri na walimu wa Mtwara wakae pamoja, wawaeleze vijana habari hii yote, bila kuficha moto wa upande wowote, kabla mgeni mwenye bunduki hajawaeleza kwa namna yake.