Rangi ya Uso wa Askari

Ulaya kuna watu wazima, wenye kazi zao na hata wajukuu, ambao jioni huketi mezani kupaka rangi askari wa madini wasiofika nusu ya kidole gumba. Kikosi kikishakamilika hupangwa juu ya meza yenye vilima na miti ya bandia, dadu hurushwa, na vita vya zamani hupiganwa upya kwa kanuni zilizoandikwa kitabuni. Mtu wa kwetu Mapera akisimuliwa hayo hucheka, na sioni sababu ya kumkataza. Lakini miongoni mwa vita vinavyochezwa mezani humo mna vile vilivyopita kwetu, kutoka pwani ya Ziwa Nyasa hadi mto Ruvuma, kati ya 1914 na 1918. Wengi wa askari wanaopakwa rangi ni Waafrika. Basi ni halali yetu kuuliza wanapakwaje.

Mchezo wenyewe ulianza bila nyuso. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wa jeshi lake mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Vikosi vilikuwa vipande tu, upande mmoja vyekundu na upande wa pili vya bluu. Wakati huohuo mafundi wa mji wa Nuremberg walikuwa wakisubu askari bapa wa bati, wa kuchezea watoto. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilibuni njia ya kusubu askari wa risasi mwenye uwazi ndani, mwepesi na wa bei nafuu. Mwandishi H. G. Wells alipotoa kitabu chake cha Little Wars mwaka 1913, akieleza jinsi ya kupiganisha askari hao sakafuni kwa vizinga vya kuchezea, alikuwa akiwaandikia watu ambao tayari walikuwa nao kabatini.

Mwaka mmoja tu baadaye vita vya kweli vilifika kwetu, na vilianza kwa namna iliyofanana na mchezo. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Rhoades, iliingia Liuli, bandari ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya ule mwamba wake. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa amezoeana na Rhoades, wala hakuwa na habari kwamba nchi zao zinapigana. Mizinga ilipolia alitoka akiwa amekasirika, akimuuliza mwenzake kama amelewa. Akafanywa mateka. Wazungu wamelisimulia sana tukio hili kama kichekesho. Miaka minne iliyofuata haikuwa na kichekesho.

Turudi kwenye rangi. Askari wa zamani wa viwandani walipakwa mmoja baada ya mwingine kwa mkono, na mpakaji hakuwa na muda wa kupoteza. Mzungu wa risasi alipewa uso wa waridi, nukta mbili za macho, pengine na sharubu. Mwafrika, kama wale wa King's African Rifles ambao kampuni ya Britain ilikuja kuwatoa, kwa kawaida alipata rangi moja iliyokolea, inayong'aa kama kiatu kilichopigwa dawa. Sisemi kwamba kila mpakaji alikuwa na nia mbaya. Alikuwa na haraka. Lakini haraka nayo huchagua mahali pa kupunguza kazi, na ilichagua uso wetu.

Wapakaji wa siku za karibuni wana mbinu nyingine, na chanzo chake ni tatizo la mwanga. Mtu wa kweli akisimama juani, chini ya paji la uso na katika mikunjo ya shati huwa na kivuli. Sanamu ya milimita 28 ni ndogo mno. Mwanga wa taa huizunguka pande zote, na vivuli vyake havionekani. Kwa hiyo kivuli hakina budi kupakwa. Fundi huanza na rangi ya msingi ili madini yashike. Kisha hupaka rangi halisi ya kila kitu. Ikikauka, humwagia rangi nyeusi kiasi iliyozimuliwa sana kwa maji, ambayo hutiririka yenyewe na kutuama mabondeni: kwenye mikunjo, chini ya mkanda, kati ya vidole. Halafu huchukua brashi iliyofutwa mpaka imekaribia kukauka, akaipitisha juu juu, na rangi hafifu hushika vilele tu. Ni kazi ya subira, na mvua za masika hazisaidii, maana rangi hukataa kukauka.

Uso wa Mwafrika ndio unaomtahini fundi. Asianze na rangi nyeusi, kwa sababu nyeusi haina pa kwenda: kivuli hakiwezi kuizidi. Aanze na kahawia iliyokolea yenye wekundu kidogo, au ubluu kidogo, kwani hata katika kijiji kimoja watu hawana rangi moja. Kwenye mashavu na pua aongeze rangi ya udongo au ya machungwa. Nyeupe aiogope. Askari aliyeng'arishwa kwa nyeupe hupauka, akafanana na mtu aliyetoka kuoga ziwani asijipake mafuta. Na viganja viwe vyepesi kuliko mgongo wa mkono. Niliwahi kuwekewa mkononi askari mmoja aliyepakwa hivyo, nikamtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na uso wa mtu ambaye ungeweza kumwamkia.

Mavazi nayo yana uongo wake. Vitabu huonyesha askari wa Wajerumani akiwa na kaki safi, tarabushi yenye kitambaa cha kaki, na miguu iliyozungushiwa vitambaa vya bluu. Huyo ni askari wa 1914. Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuwapiga Wareno huko Negomano, ambako watu wake walijipatia bunduki, chakula na nguo. Aliporudi kaskazini mwa mto Septemba 1918, akapita upande wa Songea, kikosi chake kilikuwa kimevaa kila kilichopatikana. Anayewapaka wote kaki moja kwa vita vya mwaka huo amepaka gwaride.

Kuhusu kitako cha sanamu sina mengi. Wengi humwaga mchanga wa njano kana kwamba Afrika yote ni jangwa. Kwenye ufuko wa Liuli mchanga ungefaa. Ukipanda milima ya Umatengo, paka udongo mwekundu na majani mabichi.

Lakini mezani hapo, hata pale fundi alipofanya yote haya vizuri, mara nyingi huwa kuna askari mia na wapagazi kumi. Katika vita vyenyewe wapagazi ndio waliokuwa wengi, na walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam inabeba jina lao. Kanuni za mchezo haziwapi nguvu ya kupiga, kwa hiyo mnunuzi hana haja nao. Kwa mpakaji ni wagumu kuliko askari: hawana sare ya kuficha makosa, ni kipande cha nguo kiunoni, mzigo kichwani, na ngozi tupu kutoka bega hadi kisigino, ambayo yote inataka kivuli na mwanga wake. Wale wa upande wa Waingereza walivishwa kibati chenye namba. Kwa ukubwa wa milimita 28 kibati hicho ni nukta moja ya rangi ya fedha, nayo hupakwa mwisho.