Maji Yapandayo na Maji Yaachwayo

Juu ya Uwanda wa Makonde mchanga hunywa mvua yote. Maji hupatikana mabondeni, kama Kitangari. Kwa vizazi wanawake walishuka na mitungi, wakapanda nayo. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliunda shirika la kuyapandisha kwa pampu na kuyauza. Baada ya uhuru malipo yakaondolewa. Miaka ya 1970 Wafini wakaja na mradi wa Mtwara na Lindi. Sera ya 1991 ikarejesha uchangiaji.

Katika historia hiyo yote nasikia ukimya mmoja: maji yaliyokwisha kutumika huenda wapi? Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilihimiza vyoo, jambo jema, lakini maji ya kufulia yaliachiwa mchanga, isipokuwa pale mama mwenye nyumba alipoyamwagia mgomba wake. Hakuna mhandisi aliyemuuliza.

Mchanga unaofyonza mvua hufyonza pia uchafu wa mashimo yetu, nasi twachota chini yake. Shule ya bweni au nyumba ya wageni yaweza kuyatuamisha maji hayo tangini, kuyapitisha kwenye kitalu cha kokoto na matete, kisha kunyweshea miembe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimevitafiti vitalu hivyo miaka mingi. Halmashauri zitoapo vibali vya ujenzi na ziulize zaidi ya shimo tu.