Mrithi ni nani? Ng'ombe, shamba na watoto wa kike katika njia ya misafara



Ndugu yangu, wapo wanawake katika vijiji vyetu walioachwa, au kuletewa mke mwenza, kwa "kosa" moja tu: wamezaa wasichana watupu. Mume akiulizwa anajibu, "Nataka mrithi." Hebu jiulize, neno hilo kalitoa wapi? Kwenye Qur'ani hakulikuta. Hilo ni neno la zizini, na ukitaka kulielewa twende pamoja barabarani.

Kilimatinde ipo ukingoni mwa Bonde la Ufa, na kabla ya reli ilikuwa njiani. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, ikalipa hongo ya nguo, shanga na waya ili ipate maji na chakula, kisha ikajitosa kwenye pori la Mgunda Mkali. Wajerumani nao wakaweka boma hapa. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 ilikuwa imepita Saranda na Manyoni, sisi tukabaki pembeni. Basi ifuate ile njia ya zamani kwa akili yako, na kila unapopita uliza swali moja: mtoto ni wa ukoo wa nani?

Ukitoka pwani unawakuta Wazaramo na Wakwere, mbele yao Waluguru, Wasagara na Wakaguru. Wote hao kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Mwanamume ana watoto wake, anawapenda na kuwalisha, lakini ukoo wake hauendelei kwao. Unaendelea kwa watoto wa dada yake. Uluguru shamba la ukoo limefuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo nyumba isiyo na binti kule ndiyo inayozimika! Hata kaka mtu anaomba dada yake azae, tena azae wa kike, la sivyo ukoo unakwisha mikononi mwake.

Vuka Marenga Mkali uingie Ugogo, hesabu inageuka. Ukoo ni wa baba na mali ni ng'ombe. Kila mke ana nyumba yake, nyumba ina ng'ombe wake, na wana wa nyumba hiyo ndio warithi wa ng'ombe hao. Binti anaolewa, anaondoka, na watoto atakaowazaa ni wa ukoo mwingine.

Lakini usikimbilie kusema kwamba Mgogo wa zamani hakumtaka binti. Alimtaka sana. Ng'ombe wa mahari waliingia kwa sababu ya binti, na haohao ndio waliotoka kwenda kumwolea kaka yake; wengine wakagawiwa ndugu wa baba na wajomba. Nyumba ya wavulana watupu ilikuwa na mashaka yake, maana ng'ombe wa kuolea watatoka wapi? (Mahari katika dini yetu ni haki ya bibi harusi mwenyewe, si ya baba yake wala mjomba. Hilo tutalizungumza siku yake.) Binti alileta mali na mvulana akabaki nayo. Wote wawili walitakiwa, ila aliyeitwa mrithi alikuwa mmoja.

Tazama India, ambako kwa wengi familia ya binti ndiyo inayotoa mali kumpelekea bwana harusi. Huko binti ameonekana hasara tangu yumo tumboni, mpaka ikatungwa sheria mwaka 1994 ya kudhibiti vipimo vya kutambua jinsia ya mimba. Moyo wa mzazi ni uleule kila mahali. Njia ya mali ndiyo inayotofautiana, na mapenzi yanaifuata mali.

Makka ya zamani nayo ilikuwa ya ukoo wa baba. Surat An-Nahl inamweleza mtu anayepewa habari ya binti, uso wake ukasawijika na akajificha watu. Wana wa kiume wa Mtume (s.a.w.) walifariki wadogo, maadui wakamcheka kwamba amekatikiwa na kizazi. Leo kizazi chake tunakijua kupitia kwa nani? Kwa binti yake Fatima.

Sheria ya mirathi ya Surat An-Nisaa ilikuja huku bara kwa njia ileile ya misafara, na kila ilipofika ilimkera mtu tofauti. Ugogo ilimkera kaka: dada yako ana fungu lake, nusu ya lako, hata kwenye ng'ombe. Uzaramo na Uluguru ilimkera mpwa: mali ya mjomba wako inakwenda kwa watoto wake. Sheria ni moja, lakini walalamikaji wanavutana pande mbili!

Na usidhani mambo haya ni ya kale. Mwaka 1963 serikali iliandika mila za makabila ya upande wa baba, na Tangazo la Serikali Na. 436 likawapanga warithi kwa madaraja. Mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba kubwa yuko daraja la kwanza, wana wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Bibi Holaria Pastory wa Uhaya, aliamua kwamba mwanamke naye ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi. Lakini yale madaraja ya 1963 hayakufutwa na kesi hiyo.

Utasema, "Mimi ni Muislamu, hayo hayanihusu." Yanakuhusu. Kukiwa na mgogoro wa mirathi, mahakama haiishii kwenye jina lako. Huangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini, na aliyeishi kimila mirathi yake inaweza kugawiwa kimila. Ukifa kimya, binti yako anaweza kujikuta daraja la tatu huku wewe umezikwa na shekhe. Andika basi, mbele ya mashahidi, kwamba mali yako igawiwe kwa sharia ya Kiislamu. Orodhesha shamba, nyumba na ng'ombe, hata wale uliowaweka kwa watu. Ukitaka kumwusia asiye mrithi, usivuke theluthi.

Mwenye swali la mafungu aliweke hapa chini, ataje waliobaki hai. Tutajibu baada ya Isha, in shaa Allah.