Jinsi na jinsia

Tarehe 22 Desemba 2022, Bunge la Scotland lilipitisha kwa kura 86 dhidi ya 39 mswada wa kurahisisha utambuzi wa jinsia kisheria. Serikali ya Uingereza ikauzuia. Wanawake wa kikundi cha For Women Scotland, waliopinga mageuzi hayo, walifikisha mahakamani swali jingine: katika Sheria ya Usawa ya 2010, mwanamke ni nani? Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilijibu kwa kigezo cha maumbile, ikisisitiza kwamba waliobadili jinsia bado wanalindwa. Kwa Kiswahili, wataalamu wetu hutenga jinsi, ya maumbile, na jinsia, ya kijamii. Utasema mitaani maneno haya huchanganywa. Kweli, lakini haki ikining'inia kwenye neno, pande zote zinastahili neno lisiloyumba.