Dawa ya Bwawa Ilitokea kwa Wasafisha Utumbo

Kazi yangu ni kutunza mabwawa ya kuogelea ya nyumbani huku Nyali, na dawa ninayoiamini kuliko zote ni klorini ya maji, ile inayouzwa kwa mtungi wa lita 20. Wenye nyumba wengi hudhani ni kitu cha juzi, kilichokuja pamoja na pampu na taa za chini ya maji. Kumbe ina zaidi ya miaka mia mbili, na walioianzisha walikuwa na shida ya vitambaa.

Mahali ilipoanzia ni Javel, siku hizo kitongoji cha kando ya mto Seine, nje kidogo ya Paris. Mwishoni mwa miaka ya 1770 kilijengwa hapo kiwanda cha asidi na kemikali nyingine chini ya ulinzi wa Comte d'Artois, ndugu wa mfalme Louis XVI. Leo jiji limeimeza Javel, na pale Citroën ilipokuwa ikiunda magari pamekuwa bustani. Jina limebaki kwenye chupa: ndugu zetu wa Kongo na Burundi hulitaja kila wanapofua mashuka meupe.

Gesi ya klorini ilikuwa imeshapatikana mwaka 1774, kwa mkono wa Carl Wilhelm Scheele, mwanakemia aliyefanya kazi Uswidi. Ni ya kijani yenye umanjano, nzito kuliko hewa, na hukaba koo. Claude Louis Berthollet ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1780, kwamba inatoa rangi ya kitambaa. Wenye viwanda vya nguo walifurahi mno. Hadi wakati huo kitani kilitandazwa majanini wiki nenda wiki rudi, kikichemshwa kwa maji ya majivu na kulowekwa kwenye maziwa yaliyochacha, mpaka jua likifanye cheupe. Berthollet aliiyeyusha gesi kwenye maji matupu, ikafanya kazi, lakini haikukaa. Ilipanda kutoka kwenye pipa na kuwachoma mafundi vifua. Pale Javel wakaipitisha kwenye maji yenye potashi, chumvi ile inayotokana na majivu ya kuni, na gesi ikatulia ndani yake.

Kila mtunza bwawa angepaswa kulijua jambo hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalomlinda mpaka leo. Maji yenye ukali wa majivu huishika klorini, na asidi huifungua. Mimi huweka asidi ya kushushia pH upande mmoja wa banda na klorini upande wa pili, na sitii moja kwenye ndoo iliyobeba nyingine hata kama imesuuzwa. Gesi inayotoka ni ile ile iliyoachiliwa na jeshi la Ujerumani karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Nimesikia mafundi wakisema asidi kidogo "huipa klorini nguvu", na maneno hayo hunitia hofu kweli.

Berthollet anatajwa na vitabu vyote. Ninayetamani akumbukwe zaidi ni Antoine Germain Labarraque, mfamasia wa Paris.

Karibu na mwaka 1820, chama kimoja cha kuendeleza viwanda nchini Ufaransa kilitangaza zawadi kwa atakayepata njia ya kusafisha utumbo wa wanyama bila kuuacha uoze. Utumbo ulikuwa mali. Ulitengenezewa nyuzi za fidla, na utando wake mwembamba ulitumiwa na wafua dhahabu kutenga karatasi za dhahabu walipozigonga. Ili utando uachane na nyama yake, utumbo uliachwa kwenye mapipa ya maji siku kadhaa mpaka uharibike, kisha watu wakautia mikono na kuukwangua. Anayejua harufu ya utumbo wa mbuzi uliolala siku moja tu katika joto letu ataelewa karakana zile zilikuwaje, na waliofanya kazi humo walikuwa maskini wasio na pa kwenda. Labarraque akajaribu maji ya klorini. Badala ya potashi alitumia magadi kwa kuwa yalikuwa rahisi kwa bei. Utando ukaachana vizuri, na uvundo ukakatika.

Zawadi akaipata, lakini kilichonigusa ni alichofanya baadaye. Aliona kwamba maji yanayokata uvundo wa utumbo yangefaa pia vyooni, kwenye mitaro, masokoni, katika vyumba vya maiti na hospitalini, akaandika maelekezo ya kuyatumia. Mwaka 1824, mfalme Louis XVIII alipofariki akiwa na donda lililooza, dawa hiyo ndiyo iliyotumika kuzuia harufu ya mwili wake. Kipindupindu kilipoingia Paris mwaka 1832, jiji lilinyunyiziwa dawa za klorini. Vijidudu vilikuwa havijajulikana. Watu waliamini kwamba harufu mbaya yenyewe ndiyo ugonjwa, wakapigana na harufu, na bila kujua wakawa wanaua kilicholeta maradhi. Daktari Semmelweis naye, katika hospitali ya Vienna mwaka 1847, aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya chokaa ya klorini, na vifo vya wazazi vikashuka sana.

"Fundi, si hii ni jiki tu?" aliniuliza mama mmoja anayefanya kazi katika nyumba ninayohudumia. Nikamwambia, "Ndiyo mama, ni ile ile, ila hii ina ukali kama mara tatu." Vyote viwili ni maji ya Labarraque: klorini iliyoshikwa na soda. Tofauti na enzi zake ni kwamba tangu miaka ya 1890 viwanda hupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, vikapata gesi na soda kwa mpigo mmoja, kisha vikavichanganya.

Dawa yenyewe ilichelewa kufika bwawani. Katika mabwawa ya umma ya Uingereza maji yalijazwa na kuachwa siku kadhaa, na kiingilio kilishuka kadiri yalivyochafuka, kwa hiyo mwenye senti chache aliogea uchafu wa waliomtangulia. Mwaka 1908 maji ya kunywa ya Jersey City, Marekani, yalianza kutiwa klorini mfululizo, kazi iliyosimamiwa na daktari John Leal, ambaye alilazimika kuitetea mahakamani. Mahakama ilikubaliana naye. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1910, klorini ilitiwa kwenye bwawa la Chuo Kikuu cha Brown, huko Providence. Mabwawa ya nyumbani yalienea hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, California ikiongoza, na dawa ikayafuata.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Bwawa la lita 50,000 likikosa klorini, nusu lita ya dawa ya asilimia 10 inaipandisha kwa miligramu 1 kwa kila lita ya maji. Mimi hulenga kati ya 1 na 3, na humimina jioni mbele ya tundu linalorudisha maji, pampu ikiwa inazunguka. Nikimimina asubuhi, jua la Mombasa huila karibu yote kabla ya adhuhuri. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na asidi ya sianuriki ya kuikinga na jua, na vidonge vingi vinakuja nayo ndani, lakini hiyo haiishi majini. Hujilimbikiza mwezi baada ya mwezi mpaka klorini ilegee, na hapo dawa pekee ni kumwaga maji. Ya mtungi huacha chumvi tu.

Kasoro yake ni ile iliyowasumbua mwanakemia Dakin na daktari Carrel walipooshea vidonda vya askari kwa maji haya katika Vita Kuu ya Kwanza: haikai. Joto huidhoofisha hata ikiwa imefungwa. Kwa hiyo nanunua mtungi mmoja mmoja, na kwenye duka linaloanika mitungi yake juani sinunui kitu.