Chakula cha hisani na kumbukumbu ya waliouawa na Wanazi

HAFLA ya chakula cha hisani si jambo geni kwa wakazi wa Dar es Salaam. Kuanzia Bunju hadi Temeke, watu wamezoea kununua kadi au kulipia meza ili fedha zisaidie kujenga darasa, zahanati au nyumba ya ibada. Katika nchi za Magharibi, utaratibu huo hutumika pia kuchangia kumbukumbu na elimu ya Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi wapatao milioni 6 yaliyofanywa na utawala wa Wanazi wa Ujerumani na washirika wake wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Makumbusho ya Holokosti ya Marekani, yaliyofunguliwa Washington mwaka 1993, ni miongoni mwa taasisi zinazoandaa hafla hizo za mchana katika miji kadhaa, ukiwamo Chicago. Wageni hulipia viti, kampuni hulipia meza, na mara nyingi manusura au mtoto wake husimulia yaliyoipata familia yao. Fedha zinazopatikana husaidia mafunzo ya walimu, uhifadhi wa nyaraka na kurekodi ushuhuda. Kazi hiyo haina muda wa kusubiri: mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 vita ilipomalizika mwaka 1945, leo ametimiza au kupita miaka 90.

Kwa Azimio Namba 60/7 la Novemba 1, 2005, Umoja wa Mataifa uliitenga Januari 27, siku ambayo kambi ya Auschwitz ilikombolewa mwaka 1945, kuwa siku ya kuwakumbuka wahanga. Azimio hilo linazihimiza nchi wanachama kuandaa programu za elimu ili kusaidia kuzuia mauaji ya kimbari yasitokee tena.

Mkazi wa Bunju anaweza kuuliza yanamhusu nini. Jibu moja liko jirani. Ndugu wawili Waingereza, Stephen na James Smith, walioanzisha kituo cha Holokosti nchini mwao mwaka 1995, ndio waliotoa pia taasisi ya Aegis Trust, iliyoshirikiana na Jiji la Kigali kuanzisha makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Rwanda yaliyofunguliwa mwaka 2004. Hapo wamezikwa watu zaidi ya 250,000.

Jibu la pili ni mzaliwa wa Dar es Salaam. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa jijini humo mwaka 1904. Akiwa bado mtoto aliingia katika jeshi la wakoloni wa Kijerumani pamoja na baba yake, askari mwenye asili ya Sudan, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin na kudai malimbikizo ya mishahara yao, lakini dai lake lilikataliwa. Alifundisha Kiswahili, alifanya kazi ya mhudumu na kuigiza katika filamu, ikiwamo ile ya mwaka 1941 iliyomtukuza Carl Peters, ambaye hapa nchini alipewa jina la Mkono wa Damu.

Mwaka huohuo wa 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, jambo lililopingwa na sera za ubaguzi wa rangi za Wanazi. Bila kufikishwa mahakamani, alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, alikofia Novemba 24, 1944. Hakuwa Myahudi, lakini aliangamizwa na utawala uleule.

Mwaka 2007 jiwe dogo lenye bamba la shaba liliwekwa katika Mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, kwa ajili yake. Mawe ya aina hiyo, yaliyobuniwa na msanii Gunter Demnig, hulipiwa kwa michango ya watu binafsi, shule na vikundi, na kila jiwe hubeba jina la mtu mmoja. Kufikia mwaka 2023 yalikuwa yametimia 100,000.