Ayubu Alipopiga Kite

Kadi ilikuwa imebandikwa ukutani, juu kidogo ya mto wa mama mdogo, kwa plasta ileile ya kushikilia sindano ya dripu. Ina picha ya mtu aliyekunja miguu chini ya mti, macho kayafumba, na maandishi ya rangi ya dhahabu: maumivu ni lazima, mateso ni hiari. Chini yake jina moja tu, Buddha. Aliileta binamu yangu, kwa nia njema kabisa. Mama mdogo, ambaye saratani ilikwisha fika kwenye mifupa ya nyonga, aliitazama siku mbili bila kusema kitu. Siku ya tatu akaniuliza: "Mwanangu, huyu naye aliwahi kuugua?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta baadaye, na ingawa yeye hatalisoma, naliweka hapa kwa ajili ya wengine wanaobandikiwa kadi.

Tuanze na usemi wenyewe. Haumo katika vitabu vya kale vya Wabuddha. Haruki Murakami, mwandishi wa riwaya wa Japani, aliutaja katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu kukimbia, na humo ni neno la mkimbiaji wa marathoni anayejipa moyo njiani. Hapo lina maana. Mkimbiaji amejiandikisha mwenyewe, na akichoka anaweza kukaa pembeni mwa barabara akanywa maji. Mgonjwa wa nyonga hana pembeni ya kukaa.

Nusu ya kwanza ya usemi haihitaji kwenda India kukanushwa. Kampala inatosha. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na kazi yao kubwa ilikuwa kitu rahisi mno: unga wa mofini uliochanganywa na maji, ukatiwa rangi kutofautisha nguvu, mgonjwa akaumeza nyumbani kwake. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika dawa hiyo wenyewe, pasipo kumngoja daktari. Maumivu mengi tuliyoambiwa ni ya lazima yalikuwa ni ukosefu wa kikombe hicho. Sitasema zaidi, kwa kuwa hili ni jarida la urithi na si la tiba, lakini anayeandika historia ya uvumilivu bila kutaja dawa huwa anawasifu watu kwa jambo ambalo hawakupewa njia ya kulikwepa.

Nusu ya pili ndiyo yenye historia ndefu. Mafundisho ya Buddha yalihifadhiwa vifuani kwa vizazi kadhaa kabla ya kuandikwa kwa Kipali huko Sri Lanka katika karne ya mwisho kabla ya Kristo. Katika mkusanyo wa Samyutta Nikaya mna hotuba fupi ya mshale. Mtu asiyefundwa akipatwa na maumivu ya mwili, hulia na kujipiga kifua, na hali yake ni ya mtu aliyechomwa mshale mmoja, kisha wa pili palepale. Aliyefundwa huchomwa mmoja tu. Hapa ndipo wenye kadi wanaposhika ushahidi wao, na si wao peke yao: kuanzia mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts, aliwafundisha wenye maumivu sugu kuyatazama bila kuyaongezea hofu, na wapo walionufaika. Siibezi kazi hiyo. Lakini hotuba haikutaja hiari hata kidogo. Anayeukwepa mshale wa pili ni mtu aliyejizoeza miaka na miaka. Tena Kipali hakina maneno mawili hapo. Maumivu ya mwili yanaitwa dukkha, na uzee, maradhi, kifo na kutengana na uwapendao navyo vinaitwa dukkha. Anayeligawa neno hilo mapande mawili, moja la lazima na jingine la kuchagua, kaja na kisu chake mwenyewe.

Na ndiyo, mama, aliugua. Jiwe aliloporomoshewa na binamu yake Devadatta lilimtia kibanzi mguuni, akajilaza ubavu huku akivumilia maumivu makali. Huko Kapilavatthu alikatiza mafundisho usiku, akamwambia mwanafunzi wake Ananda aendelee badala yake, kwa kuwa mgongo ulikuwa unamuuma na alitaka kujinyoosha. Alipofika miaka 80 alishikwa na maradhi mazito karibu na mji wa Vesali, akaufananisha mwili wake na mkokoteni mkuukuu unaokwenda kwa kufungwafungwa kamba. Mlo wake wa mwisho, kwa Cunda mhunzi, ulimwachia kuhara damu. Watawa waliohifadhi habari hizi hawakuona haya. Aliyechora ile kadi ndiye aliyempa uso usiojua mgongo.

Wastoiki wa Kirumi niwapite mbio. Epictetus, mtumwa na kiwete, alifundisha kwamba kinachomsumbua mtu ni rai yake juu ya jambo na si jambo lenyewe. Kutoka kwake ni ujasiri; kutoka kwa mwenye afya kumwendea mgonjwa ni kofi. Wakristo nao wamelipandisha neno mateso mahali pa juu kuliko sote, kwani ndilo jina la habari isomwayo Ijumaa Kuu. Hata wanaposema Yesu aliyapokea kwa hiari, hawakusudii kwamba angeweza kusulubiwa asiteseke.

Lugha yetu yenyewe inaikataa kadi. Kutesa ni kitendo chenye mtendaji: yuko anayetesa, yuko anayeteswa, na hata tukisema fulani anateseka, swali la nani au nini kinachomtesa linabaki linaning'inia. Basi kumwambia Mswahili kuwa mateso ni hiari ni kumwambia kuwa anajitesa. Tunayo njia yetu ya kutenga mambo haya mawili, nayo ni maneno mawili tu tunayoyatamka kila siku bila kuyasikia: ugua pole. Ugonjwa haukanushwi, mgonjwa hashitakiwi; anaombewa tu kwamba kuugua kwake kuwe kwa upole. Na kitenzi chenyewe kina sura mbili, maana kuugua ni kuwa mgonjwa, na ni kutoa ile sauti ya mgonjwa usiku, kupiga kite.

Je, mcha Mungu apige kite? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kitako, kwa sababu wanavyuoni wa Kiislamu waliligombania swali hili kwa karne nyingi, na mgogoro wenyewe ulimzunguka mtu mmoja, Nabii Ayubu.

Tatizo ni hili. Katika Surat Al-Anbiyaa, aya ya 83, Ayubu anamwita Mola wake na kusema kwamba dhara imemgusa. Katika Surat Saad, aya ya 44, Mola mwenyewe anamshuhudia kuwa alimkuta mwenye kusubiri. Ikiwa kusubiri ni kunyamaza, aya hizi mbili hazikai chumba kimoja.

Waliopenda kunyamaza walikuwa na mfano mzito. Inasimuliwa kwamba Imamu Ahmad ibn Hanbal, alipokuwa katika maradhi ya mauti huko Baghdad mwaka 855, alikuwa akiugulia. Akaambiwa kwamba Tawus, mmoja wa wanavyuoni wa zamani, alikuchukia kuugulia. Hakusikika tena akipiga kite mpaka alipofariki. Kisa hiki husimuliwa kwa sifa, nami namheshimu Imamu, lakini kila nikikisoma ninamfikiria yule mtu aliyeinama sikioni mwa mgonjwa mahututi kumletea habari ile. Alikuwa na haja gani?

Miaka 15 baadaye alifariki Imamu Bukhari, naye ametuachia jibu katika kitu ambacho wasomaji wengi hukiruka, kichwa cha mlango. Katika kitabu cha wagonjwa ndani ya mkusanyo wake wa hadithi aliweka mlango wa ruhusa ya mgonjwa kusema kwamba anaumwa, kulilia kichwa chake, au kusema maumivu yamemzidia. Na papo hapo kwenye kichwa cha mlango akaipachika kauli ya Ayubu. Hadithi mojawapo ya mlango huo ni ya Bibi Aisha akilalamikia kichwa, na Mtume akamjibu kwamba yeye ndiye wa kulilia kichwa. Nyumba ile hapakuwa na kadi ukutani.

Lakini aliyeukusanya mjadala wote ni al-Qurtubi, mtu wa Cordoba aliyehamia Misri na kufia huko mwaka 1273. Katika tafsiri yake ya aya ile anaorodhesha kauli 15 juu ya sababu ya Ayubu kusema alichosema. Wapo waliosema alitaka kuinuka asali, akashindwa, ndipo akaeleza hali yake. Wapo waliosema wahyi ulimkatikia siku 40, akaogopa kuwa ametupwa. Wengine wakataja funza walioula mwili wake, akasubiri mpaka wakafika kwenye moyo na ulimi. Wengine wakasema kilichomuuma zaidi ni kufurahiwa na maadui. Kauli moja inasema Iblis alimtaka mkewe amsujudie, na Ayubu akaihofia imani ya mke kuliko ngozi yake mwenyewe. Mimi naishika ile ya tatu katika orodha: kwamba Mungu aliyatia maneno yale kinywani mwa Ayubu ili yawe hoja kwa kila atakayepatwa na balaa baada yake, kwamba inafaa kulitaja limpatalo. Kwa kauli hiyo Ayubu hakuteleza alipolalama. Alikuwa anawafungulia wengine mlango.

Humo humo mna kisa cha Abu al-Qasim ibn Habib, mwalimu wa mfasiri al-Tha'labi, aliyekuwa katika baraza la mtawala lililojaa mafakihi na wanafasihi. Wote wamekubaliana kwamba Ayubu alilalamika, na wamekwama. Yeye akawaambia: yale hayakuwa malalamiko, yalikuwa dua, na dalili yake ni kwamba aya inayofuata inasema aliitikiwa. Anayeitikiwa ni mwombaji, si mlalamishi. Baraza likaridhika. Ni jibu la kijanja, na sina ugomvi nalo, ila naona linamwokoa Ayubu kwa kuubadilisha jina ukelele wake, ilhali ile kauli ya tatu inauacha ukelele uwe ukelele.

Surat Saad ina jambo jingine, dogo kwa macho. Humo Ayubu anataja vitu viwili vilivyomgusa, nusub na adhabu, na mfasiri Ibn Kathir anaeleza kwamba cha kwanza ni cha mwilini na cha pili ni cha mali na watoto. Mgawanyo ule tuutafutao ulikuwepo: linalouma nyama na linalouma kwa kupoteza. Lakini angalia, hakuna katika hivyo viwili kilichoitwa hiari, na Mola alipomwitikia alimpa maji ya kuoga na kunywa, kisha akamrudishia watu wake. Vyote viwili vilitibiwa.

Ibn al-Arabi, kadhi wa Andalusia, alionya kwamba juu ya Ayubu hakuna kilichothibiti katika Kurani zaidi ya zile aya. Funza, jalala, mke aliyeuza nywele zake ili amlishe mumewe, hayo ni ya wasimulizi wa visa vya mitume. Kweli. Ila ndiyo yaliyosafiri. Kisa kilifika kwetu pwani na kuimbwa katika Utendi wa Ayubu, uliochapwa London na Alice Werner mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha ukaingia katika kitabu cha J.W.T. Allen, Tendi, cha mwaka 1971. Umesomwa na wataalamu wachache. Shuleni haumo.

Aliyemo shuleni ni Mwana Kupona binti Mshamu, na kwake nina malalamiko yangu, si juu yake bali juu yetu. Mjane huyu wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepigana na Sultani wa Zanzibar, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi mwaka 1858. Tunaufundisha kama mashauri kwa mke juu ya mume, na wanafunzi wanagombana kama mama huyu alikuwa mtiifu kupita kiasi au mjanja. Wangapi wameambiwa waanze na beti za mwanzo kabisa, ambamo anasema maradhi yamemshika mwaka mzima? Utendi ule umetungwa na mgonjwa kitandani. Hafichi kwamba anaumwa, na haoni kwamba kusema hivyo kunampunguzia imani. Anasema, anaomba wino na karatasi, anaendelea na kazi ya kumlea mwanawe. Na sehemu ndefu ya mwisho ni dua, kwa njia ileile ya Ayubu.

Nawaomba walimu wa fasihi jambo moja. Mwaka huu mkiufungua Utendi wa Mwana Kupona, msiruke kwenye mume. Mwacheni kwanza mama aseme anaumwa. Alifariki yapata mwaka 1860, miaka miwili hivi baada ya kuutunga.